Dhahabu Niliyosema Nimeiona

Nianze na uongo wenyewe, maana nikianza na sababu nitajitetea, na kujitetea nakujua mno. Nilimwambia mama mmoja, mkimbizi kutoka Kongo, mshonaji wa nguo sokoni Kakuma, kwamba dhahabu ya kwenye simu ipo kweli, imelala katika chumba cha chuma nchi za mbali, na kwamba mimi nimeiona kwa macho yangu. Sikuwa nimeiona. Nilikuwa nimeona video.

Nina kibanda Lodwar, karibu na yanaposimama magari ya Kalokol. Natengeneza simu, nachapisha barua za kuomba kazi, napiga picha za pasipoti, navika vyeti plastiki. Kila Alhamisi huenda Kakuma na mfuko wa vioo vya simu, chaja na betri, kuwauzia mafundi wa kule. Na hasira zangu ziko karibu, nakiri. Mteja akiniuliza swali moja mara mbili namjibu hadi ashike njia. Majirani hunitania eti joto lote la Lodwar linatoka kibandani kwangu. Nayasema haya ili ieleweke yule mama alikuwa anaongea na mtu wa namna gani siku ile: mtu asiyependa kuulizwa.

Programu ya hiyo dhahabu ya simu nilionyeshwa na mgeni mmoja aliyekuja mjini kwa semina, simu yake ikafa, nikaifufua. Unanunua gramu ya dhahabu, au hata kipande kidogo cha gramu, kwa pesa ya simu. Gramu zako unaziona kwenye kioo, manjano inayong'aa, zikipanda na kushuka na bei ya dunia. Unaweza kumtumia mtu dhahabu kama unavyomtumia pesa ya unga. Na nyuma ya kila gramu ya kwenye simu, walisema, iko gramu ya kushikika, imefungiwa chini ya ardhi, ina mlinzi, ina bima, ina mkaguzi. Tena ukimleta mtu mpya unapewa kamisheni. Hiyo ya kamisheni ndiyo niliyoisikia vizuri kuliko zote.

Yule mama tulijuana kwa ajili ya simu yake iliyoingia maji. Alikuwa na cherehani yake chini ya turubai, akishona magauni ya vitenge na sare za kwaya. Nilipomtengenezea simu alikataa niondoke bila chai, na tangu hapo kila Alhamisi, nikimaliza kuuza, nilipumzika kwake. Aliniita baba, kwa heshima ya kwao, ingawa ningeweza kabisa kuwa kitindamimba wake. Mume wake alikuwa mchimba dhahabu, shimo likamfunika. Alichomwachia ni binti mmoja na mrija wa kalamu uliojaa chembe za dhahabu, umezibwa kwa nta ya mshumaa ncha zote mbili. Mrija huo aliushona ndani ya pindo la kitenge na kuvuka nao mipaka mpaka Kakuma.

Nilijuaje? Alinionyesha mwenyewe. Mwisho wa kila mwezi alikuwa akishusha turubai, anatoa mizani yake ya kijiti, uzi na vizibo viwili vya soda. Kizibo kimoja dhahabu, kingine njiti za kiberiti. Siku ya kwanza nilicheka. Akaniambia machimboni kwao ndivyo wanavyopima. Kumbe hata wanawake wetu wa upande wa Loima, wale wanaochekecha mchanga wa mito mikavu, nao hupima kwa njiti za kiberiti. Mimi mtoto wa hapa ndiye nisiyejua. Yule mama hakuwa anapima ili auze. Alipima aone kama ipo yote, kisha anaziba nta upya na kurudi kwenye cherehani.

Mwaka ule mambo yalimzidi. Mgao wa chakula ulipunguzwa. Nyumba ya jirani ilivunjwa na watu wenye mapanga, wakabeba hadi sufuria. Na binti yake, aliyekuwa amemaliza shule ya upili kwa alama nzuri, alipata barua ya kuitwa chuo cha uuguzi Lodwar. Chuo kingefunguliwa baada ya miezi kadhaa. Ule mrija wa kalamu ndio uliokuwa karo. Hapakuwa na kingine, si ng'ombe, si shamba, si mjomba wa Ulaya. Ukipotea ule mrija, binti hasomi.

Mimi nikaona mlango. Nikamwambia, "Mama, dhahabu ya kuficha kwenye pindo imepitwa na wakati. Tuiuze Lodwar, tununue ya kwenye simu. Mwizi hawezi kuikata na panga. Na bei inapanda, hadi chuo kifunguliwe utakuwa umelipa hata mwaka wa pili."

Alisimamisha cherehani. "Baba, iyi dhahabu ya mu simu inalalaka wapi?"

Nikamtajia nchi.

"Nani iko na funguo?"

"Kampuni ya ulinzi."

"Ile kampuni ikikufa?"

"Mama, kampuni haifi, si mbuzi."

"Na siku nikitaka yangu, watanipa ile yangu, ao ya mwingine?"

Hapo nilipandisha sauti, mbele ya wateja wake wawili. "Dhahabu ni dhahabu, mama! Ina jina? Ina alama ya sikio?"

Hakukasirika. Aliondoa uzi mdomoni, akaniuliza polepole, kama mtu anayemsubiri mtoto amalize kulia: "Nani aliiona na macho?"

Nikasema, "Mimi. Nimeiona kwa macho yangu."

Ndani ya kichwa niliona ile video: mwanamume mwenye glovu nyeupe, rafu za chuma, vipande vya dhahabu vimepangwa kama sabuni dukani. Nikajiambia kuona ni kuona. Aibu nikumbukapo wepesi wa lile neno kunitoka. Halikunikwama popote. Na yeye, aliyekuwa ameuliza maswali kama hakimu, akaliamini, kwa sababu huyu aliyesema alikuwa mtu wa kunywa chai yake.

Kulikuwa na kikwazo kimoja. Programu ilidai kitambulisho cha taifa na ikakataa kadi yake ya ukimbizi. Kwetu hilo si jambo la kumsimamisha mtu. Kakuma laini nyingi za simu za wakimbizi zimesajiliwa kwa majina ya wenyeji waliowasaidia, na tumezoea hata hatulioni. Nikasema, "Tutaiweka kwa jina langu, mama, usijali." Akaniambia hajali. Hakuwa na ruhusa ya kusafiri kwenda Lodwar, kwa hiyo ule mrija niliubeba mimi, ndani ya soksi, nikamuuzia mnunuzi wa dhahabu, na pesa yote nikaiingiza kwenye programu, ambamo tayari nilikuwa na gramu zangu chache. Zikajumlishwa. Kwenye kioo ikaonekana namba moja tu, ya kwangu na ya kwake, chini ya jina langu.

Kampuni ilituma cheti. Cheti kilisema kipande cha dhahabu chenye namba fulani ni mali ya mteja huyu peke yake. Nikakichapisha kwa rangi, nikaandika jina la mama nyuma kwa biki, nikakivika plastiki. Jina la mbele lilikuwa langu.

Alikitundika karibu na cherehani. Mizani yake ya vizibo haikuwa na kazi tena, lakini ile hamu ya kuhakikisha haikumtoka. Kwa hiyo kila Alhamisi, kabla ya chai, aliniomba nimsomee namba ya kile kipande kwenye simu, naye akifuata kwa kidole kwenye cheti, tarakimu kwa tarakimu. Nilikereka, wee! Tarakimu tisa kila wiki, kama mwanafunzi wa chekechea. Ndivyo namba ile ilivyonikaa kichwani bila mimi kutaka.

Baada ya muda alikuja kibandani mfanyabiashara wa samaki kutoka Kalokol, mwanamke mcheshi mwenye sauti ya kuita boti. Yeye pia nilikuwa nimemwingiza. Alitaka cheti chake kivikwe plastiki kama cha wenzake. Nikakichapisha, nikakiweka kwenye mashine, na kikiwa kinatoka upande wa pili, moto, nikaisoma namba.

Ilikuwa ile ile. Tarakimu zote tisa. "Mali ya mteja huyu peke yake."

Nilikitoa nikampa. Nikapokea pesa ya plastiki. Akanitania kwamba leo nimepoa, labda ninaumwa, nikamjibu ni malaria tu. Sikumwambia chochote.

Alipoondoka nilifunga nusu ya mlango nikafanya jambo ambalo mtu mwenye akili hulifanya mwanzoni: nikasoma masharti. Yalikuwa marefu, kwa Kiingereza cha mawakili, na mimi nilikuwa nimeyakubali kwa kugusa kidole mara moja. Huko chini kabisa waliandika kwamba dhahabu ya wateja huweza kuwekwa kwa pamoja, kwamba mteja hana haki ya kudai kipande fulani, na kwamba kampuni inaweza kuikopesha. Kuhusu mkaguzi kulikuwa na barua moja tu ya zamani. Hakuna aliyesema alifungua mlango akahesabu. Sisemi wote wanaouza dhahabu ya simu ni wezi. Huenda wapo wenye vipande kweli, kila kimoja na namba yake na mwenye wake, na mtu wa nje anayeingia kuhesabu. Lakini hawa wangu walikuwa wanauza namba. Na yale maswali ya mama, ya nani ana funguo na kipi ni changu, yalikuwa ndiyo maswali yenyewe. Mimi nilimfokea kwa kuyauliza.

Siku ileile nikajaribu kutoa kila kitu. Programu ikaniruhusu kutoa kiasi fulani, basi, ikasema kilichobaki ningekitoa mwezi ujao. Pesa ikaingia kwenye simu yangu. Ilikuwa zaidi ya gramu zangu, tena zaidi sana, lakini haikufika zake.

Hapa ndipo ninapopaona mimi mwenyewe vizuri, na sipapendi. Ningempigia simu mama jioni ileile. Ningemwambia, mama, kuna shida, nimeokoa hiki, ni chako. Badala yake nilikaa kwenye kiti cha wateja nikaanza kuhesabu kwa ujanja. Akaunti si yangu? Jina si langu? Si mimi niliyestuka mapema? Kama nisingestuka si zote zingepotea? Nilipomaliza, ile pesa ilikuwa yangu yote na hasara ilikuwa yake yote, na nilikuwa nimefika hapo bila kusema hata uongo mmoja kwa mtu mwingine.

Nikaenda mnadani nikanunua mbuzi wanane, nikawapakia kwenye pikapu hadi Lorugum kwa mjomba wangu, kaka ya mama yangu. Mjomba ni mfugaji wa zamani hasa. Watu humwachia wanyama wao, na yeye ana wake kwa watu wengine, kama ilivyo kwetu, kusudi ukame au wezi wakipita mahali pamoja mtu asibaki mikono mitupu. Ukimwachia mnyama, kwanza atakuuliza ni wa nani, atamwangalia rangi, atamtia alama ya sikio. Siku ukija kumtembelea hatakupa maneno. Atakupeleka zizini alfajiri kabla hawajatoka, atakuonyesha kwa fimbo: yule, na yule, na yule mwenye doa. Na mnyama wako akifa, mjomba hukuwekea ngozi na sikio lake.

"Ejok," nilimsalimia. "Ejok-noi," akajibu, macho yake kwa mbuzi. Akaniuliza, kwa Kiturkana chake cha taratibu, "Ni wa nani?"

"Wangu."

"Wote?"

"Wote, mjomba. Nikuchapishie cheti?"

Alicheka, akawatia wote alama moja.

Wiki haikuisha, programu ikagoma. Ikaandika kwamba wako kwenye matengenezo, wanaomba radhi kwa usumbufu. Baadaye haikufunguka kabisa. Yule mama wa samaki alikuja kibandani akanitukana mbele ya madereva wote, akataja hadi nywele zangu. Nikwambie ukweli, yale matusi yalinipa nafuu. Niliyapokea kama mtu anayemwagiwa maji baridi.

Kakuma nilichelewa wiki mbili. Nilipofika nilikuwa nimejipanga: nitatukanwa, nitanyamaza, yataisha. Mama aliniona kwa mbali, akaacha cherehani, akanijia akiwa amenyoosha mikono yote miwili.

"Pole, mtoto yangu," akasema. Siku hiyo hakuniita baba. "Pole sana. Balikuibia na weye."

Habari zilikuwa zimemfikia. Kwa hesabu yake, tulikuwa tumeibiwa wawili. Tena mimi zaidi, kwa sababu jina lilikuwa langu na watu wangenilaumu. Wanawake wenzake wa kanisa waliniombea palepale chini ya turubai, mikono yao kichwani pangu, kwa Kiswahili chao na Kifaransa na Kirundi, Mungu anipe moyo wa kuvumilia. Nilifumba macho. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Kila walipovuta pumzi palikuwa na nafasi. Nikasema amina.

Kisha mama akafungua kabati la mbao akatoa shati. Kitenge cha buluu na ndege weupe, mikono mifupi, mifuko miwili, kola imekaa kama ya dukani. Alikuwa amelishona kwa kukisia kifua changu kwa macho. "Ya kukupa pole," akasema. "Mwanaume asitembee kama mutu wa matanga." Likanikaa sawasawa.

Binti alikuwa pembeni akishona vifungo. Barua yake ya chuo ilikuwa imetundikwa pale kilipokuwa cheti. Chuo kilifunguliwa Jumatatu iliyofuata bila yeye.

Nililivaa lile shati. Hilo ndilo watu wasingeamini, lakini nililivaa, Alhamisi baada ya Alhamisi, kwa sababu nisingelivaa angeuliza. Nilikunywa chai nikiwa ndani yake. Binti alinijazia kikombe. Alikuwa amejifunza kushona haraka kuliko mama yake, na alinisalimia kila mara kwa adabu, na mimi nikaanza kuwafokea mafundi wa simu kwa makosa yasiyokuwepo.

Ukame ulipokaza nilikwenda Lorugum kuwaona mbuzi. Mjomba alinipeleka zizini alfajiri. Akanyoosha fimbo: yule, yule, yule. Saba. Kisha akaingia ndani akatoka na ngozi iliyokauka, akaikunjua, akaniwekea mapajani. Sikio lilikuwepo, na alama.

"Huyu alikufa," akasema. "Tumbo. Nilimpa dawa, akafa."

Hakuna aliyemwuliza. Mbuzi mmoja, katika ukame unaoua mamia, na mzee yule ambaye hajui kusoma alikuwa ametunza ushahidi ili mimi nisiwe na shaka hata dakika moja. Niliishika ile ngozi nikashindwa kuinua uso. Nilijaribu kukohoa, ikawa kilio, kilio kibaya cha mtu mzima, mbuzi wakanitazama.

Mjomba aliketi. Hakuniuliza mara mbili. Nikamweleza yote, kuanzia video hadi shati, ambalo hata siku hiyo nilikuwa nimelivaa. Dhahabu ya kwenye simu ilimchukua muda kuielewa. Akauliza, "Hukuiona?" Nikasema sikuiona. "Na ya huyo mama mlichanganya na yako bila alama?" Nikasema ndiyo. Akachorachora mchangani kwa ncha ya fimbo.

"Basi huyu aliyekufa ndiye aliyekuwa wako," akasema, akigonga ngozi. "Hawa saba ni wa yule mama."

"Mjomba, hata changu kidogo kilikuwemo."

"Ndiyo hicho umekishika."

Alhamisi hiyo sikwenda na vioo vya simu. Nilikodi pikapu, nikawapakia mbuzi saba, nikaikunja ngozi nikaitia kwenye mfuko wa plastiki. Njia nzima hadi Kakuma nilikuwa nikipanga maneno, na kila niliyoyapanga yalianza na "unajua, mama, ile programu." Nilipofika soko lilikuwa limejaa. Nikasimamisha gari mbele ya turubai lake, nikashuka, na maneno yaliyotoka hayakuwa yale.

"Mama, sikuiona ile dhahabu. Nilikudanganya. Na kuna sehemu yako niliitoa kabla haijapotea, nikanunua mbuzi kwa jina langu. Hawa hapa. Mmoja alikufa, ngozi yake hii. Najua hawafiki thamani ya dhahabu yako."

Cherehani ilisimama. Binti naye akasimamisha sindano yake.

Mama alikuja hadi kwenye pikapu. Aliwatazama mbuzi mmoja mmoja, akawashika migongo. Akatoa ngozi mfukoni, akaikunjua, akaangalia sikio, akalinganisha na masikio ya walio hai. Alifanya hivyo vyote bila haraka, kama alivyokuwa akipima njiti za kiberiti. Nikasubiri matusi. Nilikuwa tayari nayo, niliyataka.

"Ulitoa lini?" akauliza.

"Kabla programu haijafungwa. Kabla ya... kabla hamjaniombea."

"Na tulikuombea."

"Ndiyo, mama."

"Na ulisema amina."

Watu walikuwa wameanza kusimama. Binti alikuja akawashusha mbuzi, akawafunga kwa kamba mbilimbili, bila kunitazama. Mama alizungumza naye kwa lugha yao, nikasikia neno chuo, kisha akanigeukia.

"Mbuzi nitabeba," akasema. "Ni yangu. Banafika nusu, ile ingine ni yangu na Mungu, miye sitakudai." Akaniangalia kifuani. "Lakini ile shati nilishonea mutu aliibiwa. Vua."

Nilidhani sikusikia. Akarudia neno hilo moja. Nikaanza vifungo, pale katikati ya soko, kifungo cha pili kikagoma, na hakuna aliyenisaidia. Nikalivua nikampa. Alilikunja vizuri, akarudi kwenye kiti chake, akachukua kiwembe, akaanza kufumua mshono wa bega, uzi kwa uzi, ili kitambaa kisiharibike. Hakuninyanyulia macho tena. Binti ndiye aliyesema, kwa upole ambao ulinikata, "Kwaheri, baba."

Nilirudi Lodwar mchana ule ule nyuma ya pikapu, na fulana ya ndani, jua likinichoma mabega. Kwenye kizuizi cha polisi askari aliomba vitambulisho. Akasoma changu, jina lile lile lililokuwa kwenye cheti, akaniangalia kutoka juu hadi chini, akacheka.

"Na wewe, shati iko wapi?"

Nilitaka kumfokea. Maneno yalikuwepo, ya kutosha.

"Haikuwa yangu, afande," nikasema.